Bi Lettice Cressener na Kijiji Kilicho Chini ya Nyasi

Marehemu Bi Lettice Cressener alizaliwa tarehe 9 Machi 1911 katika jumba la Astcombe, Shropshire, mtoto wa pili wa Bwana Jocelyn Cressener na mkewe Honor. Ukoo huu ulitajirika kwa biashara ya sufu, ukanunua ardhi yote iliyoonekana kutoka madirishani. Mwaka 1774 mzee mmoja wa ukoo alikivunja kijiji kizima cha Astcombe kwa kuwa kilimharibia mandhari, akaotesha nyasi juu yake. Liliachwa kanisa na makaburi yake tu.

Bi Lettice hakupelekwa shule. Alifundishwa nyumbani Kifaransa, piano na kupanda farasi. Akiwa na miaka saba alimuuliza mwalimu wake, Bi Prewett, "Nani yule anaita kuku huko bustanini?"

"Hakuna kuku wala mtu. Hebu kula mkate wako."

Aliula, lakini sauti zile za chini ya nyasi hazikumwacha maisha yake yote, na aliziogopa.

Baba yake alifariki mwaka 1940, na kaka yake Gervase, mrithi, akafa vitani 1944. Ushuru wa mirathi ulidaiwa kwa vifo vyote viwili. Mama yake akauza mashamba ili aliokoe jumba, akasahau kwamba mashamba ndiyo yaliyolilisha jumba. Lilibomolewa 1953. Bi Lettice alihamia kijumba cha langoni, akawa anakamua ng'ombe wa Bwana Enoch Tansley, aliyeinunua ile ardhi ambako mababu zake walifukuzwa kijiji kilipovunjwa.

Hakuolewa. Alichumbiwa na Kapteni Ambrose Lyle, lakini paa la jumba lilipoanza kuvuja, kapteni naye alianza kuchelewa, mwisho hakuja tena.

Kiangazi cha 1976 mvua ilikataa kabisa. Nyasi zikakauka, na alama za kuta za kijiji zikajitokeza uwanjani: nyumba, vichochoro, hata tanuri la mikate. Bi Lettice alizizunguka nyumba zile moja moja, asikanyage ukuta wa mtu. Kisha alimwendea Bwana Tansley, akamwomba azikwe katika makaburi ya kijiji, si katika chumba cha mawe cha ukoo wake chini ya kanisa.

"Lo! Mlitutimua tukiwa hai, bibie, leo unataka tukupokee maiti?"

"Ndiyo, Enoch. Nawaomba."

"Kufa kwanza, tutaona," alisema, akaenda zake kwa ng'ombe.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 1986. Aliuguzwa na Verity, binti wa Gervase. Kila asubuhi Bi Lettice aliuliza, "Enoch kasemaje?" Bi Lettice alifariki nyumbani tarehe 14 Novemba 1988, akiwa na hofu kwamba hatakuwa na pa kulala. Inauma kuliandika hilo.

Ameacha Verity na mumewe Hugh. Jana Bwana Tansley alifika mlangoni na wanawe wawili, wote na sepetu, viatu vimejaa udongo wa makaburini.

"Kaburi tayari," alisema. "Na sisi mtuandike hapo kwenye wafiwa. Huyu ni wetu."

Basi ameacha pia Enoch Tansley na mkewe Dorcas, pamoja na wana wao, Amos na Giles, wenyeji wa Astcombe.

Wampokee, naye alale kwa amani.