Mama Kifutio na Daraja la Karatasi ya Tisa

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, mchoraji mkuu wa ramani katika ofisi yetu atakabidhi ufunguo wa kabati la wino na kwenda kupumzika. Jina lake la kwenye jalada hatulitumii. Ukimwita kwa hilo hageuki. Sote tunamwita Mama Kifutio, na kwa hilo huitika upesi.

Jina hilo alilipata katika mwaka wake wa pili, alipokabidhiwa ramani ya mji. Mto wetu hautulii. Kila mafuriko yakipita, kingo zimesogea na visiwa vya mchanga vimehama. Mama alikuwa akishuka gatini na kamba yake ya kupimia, kisha anarudi kwenye meza yake ya dirishani na kufuta mengi kuliko aliyoyachora. Siku moja mpiga makasia alipanda ghorofani akiwaka kwa hasira, kudai kisiwa alikokuwa amelima matikiti. Alielezwa kwamba kisiwa kimechukuliwa na mto, si na ofisi. Akajibu kwamba mto haujui kusoma wala kuandika. Aliyekifuta ni huyu mama mwenye kifutio. Jina likaganda. Baadaye diwani mmoja aliomba mtaa wake uonekane mpana kidogo. Mama aliupima, akapata hatua saba, akauchora hatua saba.

Kuteleza si kuanguka, na Mama aliteleza mara moja, kwenye karatasi ya tisa ya ramani zetu, ile ya milima ya mpakani. Katika mwaka wake wa sita, idara ya barabara ilituletea orodha ya madaraja ambayo yangekamilika kabla ya mvua. Mojawapo lilikuwa la kuvuka korongo, chini ya kijiji cha mwisho kabla ya mpaka. Mama aliiamini orodha, akachora mistari miwili ya wino mweusi. Nakala elfu mbili zikachapwa. Mvua zikaja, mafundi wakarudi mjini, na daraja halikujengwa. Mchuuzi wa vitambaa, aliyefika ukingoni na punda watatu, aliturudishia ramani yake kwa posta. Nyuma yake alikuwa ameandika: "Daraja lenu nimelitafuta mpaka nimechoka. Kama mmelifungia kabatini, basi nileteeni ufunguo."

Wengine tulicheka. Mama hakucheka. Alifunga safari, siku moja kwa lori na siku mbili kwa miguu, ili aone kwa macho yake kabla ya kufuta. Wanakijiji walimkaribisha, wakampikia, kisha wakamsihi asifute. Mkunga wao ndiye aliyelieleza jambo lenyewe. Wajawazito walikuwa wakibebwa kwa machela siku nzima kulizunguka korongo, na kila wanakijiji walipokwenda idara ya barabara kudai daraja, silaha yao ilikuwa ramani ile. Ramani ya serikali inasema daraja lipo. Basi idara ijenge, au iseme ni nani aliyeliiba. Dada yangu, alimwambia, ukilifuta hilo, umetufuta na sisi.

Aliporudi, alileta pendekezo ambalo halikuwamo katika kanuni zetu: daraja lichorwe kwa nukta, na pembeni liandikwe neno "Halijajengwa". Hivyo msafiri asingedanganywa, na kijiji kisingenyang'anywa ushahidi wake. Mkuu wa sehemu yake alikataa, kwa hoja kwamba ramani huonyesha kilichopo, haionyeshi ahadi. Mama akazichora nukta zake vivyo hivyo, na karatasi ikafika mtamboni kabla mkuu hajagundua. Alipewa barua ya onyo, na cheo alichokuwa akikisubiri kikasogezwa mbele miaka minne. Mkuu huyo ndiye anayeandika maneno haya.

Tangu safari ile Mama hakuchora njia asiyoikanyaga. Ramani zetu zilichelewa, na walalamikaji hawakukosekana, ila hakuna msafiri mwingine aliyetudai ufunguo. Mumewe, ambaye ni fundi saa, alizoea kusema kwamba anairekebisha saa ya kila mtu mjini, isipokuwa saa ya mkewe kurudi nyumbani.

Matoleo manne ya karatasi ya tisa yalipita, nukta zikiwa palepale. Mama alikuwa amejiapiza kwamba hataondoka ofisini kabla hajazifuta au kuziunganisha. Mwaka jana tulianza kumhesabia miezi kwa wasiwasi, maana tarehe ya kustaafu haibembelezwi. Mhandisi mpya wa barabara alikuwa ameonyeshwa ramani ile na wanakijiji, akaona haya, akaanza kazi. Februari ikaja habari kwamba daraja limekwisha. Mama hakugusa kalamu. Hata orodha ile ya zamani, alisema, ilikuwa habari.

Akapanda tena milimani na magoti yake ya miaka hamsini na tisa. Alilivuka daraja kwenda na kurudi: hatua arobaini na moja. Mkunga, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu wengi, alimsubiri ng'ambo na kumtania kwamba amechelewa mno, mbao zimekwisha kuanza kuzeeka.

Wiki iliyopita, mbele yetu sote, aliziunganisha nukta kwa mistari miwili ya wino. Kisha akachukua kifutio na kuliondoa lile neno la pembeni. Akapuliza vumbi, akaomba chai.

Tunamshukuru Mama Kifutio kwa kila njia aliyoitembea kwa niaba yetu, na tunamshukuru fundi saa kwa subira yake. Ile barua ya onyo imetolewa kwenye jalada. Haikuandikwa kwa penseli, kwa hiyo haikufutika. Aliyeiandika ameichana kwa mkono wake, naye anakiri kwamba amechelewa kuliko daraja.

Nenda salama, Mama. Mapumziko yako yawe marefu, na kila korongo utakalolifikia ulikute limejengewa daraja.