Sauti ya Upande wa Pili wa Ukuta

Kijiwe chenyewe ni benchi moja lililoegemea ukuta wa kinyozi, na wenyeji wake asubuhi hawana haraka na dunia. Yupo Kinyozi, yupo Spika, dalali wa vyumba aliyepewa jina hilo kwa kuwa hajui kunong'ona, na yupo Bi Kahawa, mwenye birika na mwenye neno la mwisho. Pembeni kabisa hukaa Fundi Saa. Leo kahawa ilikuwa imempoa mkononi, na macho yake hayakubanduka ng'ambo ya barabara, kwenye karakana ya fundi wa kuchomelea vyuma. Ilikuwa bado imefungwa.

Mada ilianzia kwenye vurugu za jana nyumba ya ibada, ambako waumini walishikana mashati wakigombea kipaza sauti.

— Watu wamemwacha Mungu, alisema Spika. Ndiyo maana hawapendani. Tumebaki na makelele tu.

— Makelele unayo wewe, Bi Kahawa akamkata.

— Mimi nasema ni viti, alisema Kinyozi. Zamani tulisali mkekani, bega kwa bega. Sasa kila mtu na kiti chake cha plastiki. Huo udugu utapita wapi?

— Wacha viti, alisema Spika. Ni vioo. Mtu anajitazama kutwa mpaka jirani anamsahau.

Kinyozi, mwenye vioo vitatu dukani, alinuna. Bi Kahawa akasema wote wamekosea, kosa ni la madaktari: wamewakataza watu sukari, na mioyo imekuwa michungu. Hapo Spika akamgeukia aliyekaa pembeni.

— Fundi, ndugu yangu, wewe ni mtu wa sala. Mbona umekaa kimya?

Mtu wa sala. Mtaa mzima ulijua hivyo, maana alisali kwa kupaza sauti. Sababu hawakuijua. Upande wa pili wa ukuta wa chumba chake alikaa yule fundi wa vyuma, kaka yake wa tumbo moja. Mama yao alikuwa hapakui chakula cha jioni mpaka wasali pamoja na kupeana mikono. Siku ya maziko yake wakagombana nani aongoze dua, na matanga hayajaisha wakajenga ukuta katikati ya nyumba. Tangu hapo, kila alfajiri mmoja akianza kusali, mwenzake hupandisha sauti ili amfunike. Mungu mwenyewe sijui alimsikiliza nani.

Leo alfajiri Fundi Saa alisali, akapandisha sauti, akangoja. Kimya. Akapandisha tena mpaka koo likauma, na ukuta haukujibu. Kisha akavaa viatu, akapita mbele ya mlango wa kaka yake bila kusimama, akaja kunywa kahawa. Alijiambia mtu mzima ana haki ya kuchelewa kuamka, lakini yeye mwenyewe hakuliamini hilo.

— Nimechoka tu, alijibu.

Akatokea mama mmoja, mgeni pale mtaani, aliyekuja kuchukua nondo za dirisha lake. Alikuwa ameshagonga karakana bila kujibiwa.

— Samahani ndugu zangu, huyu fundi wa vyuma anaumwa?

Spika akainamia kikombe chake. Kinyozi akafuta wembe uliokuwa safi.

— Muulize huyu, alisema Bi Kahawa taratibu. Ni kaka yake.

Wote wakamtazama Fundi.

— Sijui, alisema.

Aibu ilimshika, lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi. Aliweka kikombe chini, akaondoka bila kuaga, mwanzoni akitembea, kisha akikimbia, mpaka mlangoni kwa kaka yake. Akabisha.

— Hodi.

Kimya.

— Hodi humu.

Kitu kilikwaruza ndani. Kikafuata kikohozi, kisha sauti nyembamba, iliyokauka.

— Nani?

Kijiweni alimwita kila mtu ndugu, hata wale asiowajua. Hapa hakuthubutu kulitumia neno hilo.

— Mdogo wako.

Kikohozi kikarudi, kikatulia.

— Sukuma tu, alisema kaka yake. Mimi huwa sifungi.