Mshikaki Chini ya Mkate

MURMANI: Haloo? Nani mwenzangu?

ANZORI: Marehemu.

MURMANI: Nani?

ANZORI: Marehemu Anzori. Yule uliyemzika mwaka jana mezani, kati ya supu na mishikaki.

MURMANI: Aa. Habari za huko ahera?

ANZORI: Ahera ni ghorofa ya saba hapa Tbilisi, lifti mbovu, na binti yangu Khatuna ananipikia uji usio na chumvi. Wewe hujambo?

MURMANI: Nilikuwa sijambo mpaka ulipopiga.

ANZORI: Mbona sauti inatoka kama umemeza soksi?

MURMANI: Simu nimeibana kwa bega. Mikono inanata. Nakoroga.

ANZORI: Unakoroga nini saa hizi za asubuhi?

MURMANI: Juisi ya zabibu na unga. Ikishakuwa nzito nachovya kokwa za jozi nilizozitunga kwenye nyuzi, naanika kwenye baraza. Nimeshaanika thelathini.

ANZORI: Ngoja. Si kazi ya akina mama hiyo?

MURMANI: Lamara wa jirani amenifundisha. Anasema nina mkono mzito lakini ninafundishika.

ANZORI: Ninafundishika. Jamani, sikilizeni. Tamada wa miaka thelathini na nane. Mkuu wa meza ambaye hapo kijijini hakuna aliyethubutu kunywa kabla yeye hajasema. Watu walikuwa wanaahirisha harusi mpaka koo lake lipone. Leo anasifiwa na Lamara mbele ya sufuria.

MURMANI: Umemaliza?

ANZORI: Bado. Umevaa aproni?

MURMANI: (mwiko unagonga sufuria)

ANZORI: Ina maua?

MURMANI: Ni ya marehemu Eteri. Na ukisema neno moja juu ya aproni ya mke wangu, nakata simu.

ANZORI: Sisemi. Mungu amrehemu. Yeye angalau alikuwa amekufa ulipomtaja.

MURMANI: Nilijua. Nilijua tu utafika hapo.

ANZORI: Sasa nisifike? Mtu nimekaa zangu, glasi mkononi, viti vinne kutoka kwako, nasubiri glasi ya marehemu, ile ya kuwataja wafu, kama watu wote. Unataja baba yako, sawa. Unataja Eteri, watu wanafuta machozi, sawa. Halafu unasema, kwa sauti ile yako ya kanisani, "Na Anzori, mtu ambaye—"

MURMANI: Nakumbuka, Anzori.

ANZORI: Shemeji yangu akapiga ishara ya msalaba. Gela akacheka mpaka mvinyo ukamtoka puani. Mpaka leo nikipiga simu huko watu wananiuliza kwanza kama niko hai.

MURMANI: Ndiyo maana usiku ule ule niliacha kiti. Unataka nini tena? Nipige magoti?

ANZORI: Hata. Magoti yenyewe unayo? (mtandao unakwaruza) ...tumwa. Haloo?

MURMANI: Nakusikia. Sogea dirishani.

ANZORI: Niko dirishani. Nimesema hivi, nimetumwa. Jumapili ni karamu ya mavuno. Wazee wanataka urudi kichwani mwa meza.

MURMANI: Wazee gani?

ANZORI: Wazee.

MURMANI: Hapa kijijini wazee waliobaki ni mimi na mbwa wa Lamara. Mimi sijakutuma.

ANZORI: Usinichanganye. Huyo Gela wenu mliyemweka kwenye kiti chako ni aibu. Daktari wa ng'ombe, anasoma maneno ya glasi kwenye simu. Nimeambiwa kwenye harusi ya mwezi jana simu ilizima katikati ya glasi ya akina mama. Kasema, "Mama ni..." watu wakasubiri.

MURMANI: Ni kweli. Tulisubiri.

ANZORI: Mlisubiri nini?

MURMANI: Chaja.

ANZORI: (anacheka, anasita) Na wewe ulikuwa wapi?

MURMANI: Chini. Mwisho wa meza, karibu na tanuri, pamoja na watoto na dereva asiyekunywa. Nilikuwa nimeshakula mishikaki minne.

ANZORI: Minne.

MURMANI: Ya moto, Anzori. Inatoka kwenye makaa ya matawi ya mzabibu, inaniangukia kwenye sahani. Mafuta bado yanalia. Nimeungua ulimi. Nina miaka sabini na moja, ndiyo mara ya kwanza naunguza ulimi kwenye karamu.

ANZORI: Acha uongo. Miaka yote ulikuwa unakula nini?

MURMANI: Miaka yote nilikuwa nasema. Glasi ya amani, nyama inaletwa. Glasi ya wazazi, nyama inatoa moshi. Glasi ya marehemu, moshi umekwisha. Nikija kukaa, mafuta yameganda meupe. Miaka thelathini na nane ya nyama baridi.

ANZORI: Si kulikuwa na mshikaki mmoja chini ya mkate?

MURMANI: Huo nao ulikuwa baridi.

ANZORI: Baridi kidogo.

MURMANI: Baridi.

ANZORI: Sawa bwana. Kwa hiyo umeuza heshima kwa mishikaki minne. Unaijua hadithi ya sungura? Karuka, karuka, kashindwa, kasema sizitaki mbichi hizi.

MURMANI: Sungura hakuzionja. Mimi nimezila thelathini na nane. Nazijua kuliko wewe na huyo sungura wako.

ANZORI: Maneno hayo. Maneno bado unayo. Na bado unakaa na watoto.

MURMANI: Umemaliza kunicheka, nikuambie kitu?

ANZORI: Sijamaliza, lakini sema.

MURMANI: Zile safu zangu za juu, zabibu nyeusi, unazijua.

ANZORI: Nilikusaidia kuzipanda, ukanilipa kwa jibini lililooza.

MURMANI: Majani yake yanakuwa mekundu.

ANZORI: Ndiyo habari hiyo?

MURMANI: Mekundu kabisa, Anzori. Jirani yake, zabibu nyeupe, yanakuwa ya njano. Ukisimama kwenye baraza asubuhi unaona mistari, nyekundu, njano, nyekundu, mpaka mtoni. Sikujua.

ANZORI: Umezaliwa hapo.

MURMANI: Sikujua. Kila mwaka, majani yakikaribia kuanguka, nilikuwa natembea humo naangalia viatu, nanung'unika maneno ya Jumapili. Usiku nasema mpaka alfajiri. Kesho yake nimelala na kitambaa usoni. Nikija kuinua macho, miti imebaki fito. Nilikililia kiti kile msimu wote wa baridi, nakuambia ukweli. Ilipofika masika bado nanuna. Halafu wiki iliyopita nimetoka nje kumwaga maji, nikasimama na beseni mpaka miguu ikafa ganzi. Nilifurahi. Basi. Nilifurahi kama mjinga.

ANZORI: Kama mjinga ndiyo. Hapo umesema kweli.

MURMANI: Najua utacheka.

ANZORI: Sicheki. (mtandao unakwaruza) ...mengine yamebaki juu ya mti?

MURMANI: Nini?

ANZORI: Majani. Yatakuwepo wiki mbili zijazo?

MURMANI: Upepo ukitulia. Kwani wewe Jumapili huji?

ANZORI: Tuongee habari ya kiti.

MURMANI: Anzori. Tangu uzaliwe hujakosa mavuno. Hata mwaka ule wa vita ulikuja kwa trekta.

ANZORI: Khatuna hataki nisafiri.

MURMANI: Khatuna tangu lini anakuamrisha? Wewe mtu uliyepigana na padri kwa ajili ya uzio?

ANZORI: Padri alianza.

MURMANI: Anzori.

ANZORI: Amenitobolea mkanda tundu la tatu. Khatuna. Suruali zilikuwa zinaanguka.

MURMANI: Tundu la tatu?

ANZORI: Alhamisi ya baada ya karamu wananipasua. Tumbo. Daktari mwenyewe kijana, ana ndevu kama uchafu wa kahawa. Amenichorea picha. Sijaelewa picha, nimemwelewa uso.

MURMANI: Tangu lini?

ANZORI: Tangu Agosti.

MURMANI: Agosti, na hukusema.

ANZORI: Nikuambie wewe? Wewe si ulishanitanguliza?

MURMANI: (sauti ya kukoroga inakatika)

ANZORI: Haloo? Salio langu linaliwa hapa, sema kitu. Juisi inaungua?

MURMANI: Ni mimi, Anzori?

ANZORI: Wewe nini?

MURMANI: Kukutaja. Mtu akitajwa kwenye glasi ile—

ANZORI: Hebu toa upuuzi wako hapa. Ulimi wako ungekuwa na nguvu hiyo, kwa ulivyomlaani Gela asingefika Machi.

MURMANI: Mwaka mzima nimelala na jambo hilo. Nilikuwa nataja niliowapenda. Baba, Eteri. Ulimi ukapitiliza. Sikusahau kwamba uko hai. Nilisahau kwamba orodha ni ya wafu.

ANZORI: Orodha fupi sana hiyo yako.

MURMANI: Ni fupi.

ANZORI: Sasa nisikilize, nimebakiza dakika tatu. Hakuna mzee aliyenituma.

MURMANI: Najua.

ANZORI: Nataka Jumapili urudi kichwani. Simu uiweke mezani, hapo pembeni ya chumvi. Ifike glasi ya marehemu, unitaje tena.

MURMANI: Umerukwa na akili.

ANZORI: Mwaka jana sikusikia mwisho. "Anzori, mtu ambaye—" halafu yule ng'ombe akacheka, na wote wakacheka, na wewe ukakaa chini mweupe kama jibini. Mtu ambaye nini? Mwaka mzima nalala hapa, ghorofa ya saba, najiuliza. Mtu ambaye nini, Murmani? Wenzangu wote husemwa vizuri wakiwa hawasikii. Mimi nilikuwa nasikia, mkanikatia.

MURMANI: Sirudi kichwani.

ANZORI: Kwa glasi moja.

MURMANI: Hata nusu. Na kwenye glasi hiyo sikutaji. Ina utaratibu wake, na zamu yako haijafika. Unataka kuruka foleni kama ulivyozoea.

ANZORI: Basi. Sikukupigia kubembeleza. Kaa na majani yako na Lamara wako—

MURMANI: Ngoja.

ANZORI: —na aproni yako ya maua, usikie raha—

MURMANI: Ngoja, nimesema. Niitoe sufuria motoni. (kelele za bati) Haya. Simu uko nayo sikioni?

ANZORI: Kwani niiweke wapi?

MURMANI: Kaa kimya basi. Mwaka huu mimi si tamada, na hakuna mtu mezani, na mvinyo wenyewe bado unachemka mtungini. Kwa hiyo hii si glasi. Umesikia? Si glasi. Anzori, mtu ambaye kwa miaka thelathini na nane alinifichia mshikaki mmoja chini ya mkate ili usipoe. Na kila mwaka ulipoa. Na kila mwaka niliula.

ANZORI: Halafu?

MURMANI: Halafu nini? Watu wanakunywa.

ANZORI: Ndiyo hiyo tu?

MURMANI: Ndiyo hiyo.

ANZORI: Miezi kumi na miwili mtu nageuka kitandani, nadhani ni jambo la maana. Nadhani utasema ushujaa, ukarimu, mlima, tai. Kumbe mshikaki.

MURMANI: Tai angenifaa nini mimi? Nilikuwa na njaa.

ANZORI: Sema tena.

MURMANI: Sisemi.

ANZORI: Pale pa mkate. Mtandao ulikwaruza.

MURMANI: Haukukwaruza, mwongo mkubwa wewe. Alinifichia mshikaki mmoja chini ya mkate ili usipoe.

ANZORI: Haya. (anavuta pumzi) Haya. Basi salio linakwisha, baki salama—

MURMANI: Jumamosi saa tatu nipo hapo na gari la Gela. Uwe umevaa viatu.

ANZORI: Khatuna hatakubali.

MURMANI: Khatuna nitamwambia mimi. Nimenyamazisha watu mia tatu walevi, binti yako mmoja atanishinda? Na daktari nipe namba yake, nimuulize nyama kidogo inaruhusiwa kiasi gani.

ANZORI: Ngazi sitaweza, Murmani. Ni ghorofa saba.

MURMANI: Gela anabeba ndama. Atakubeba.

ANZORI: Nibebwe na yule? Bora nife.

MURMANI: Foleni, Anzori. Zamu yako bado. Utakaa chini na mimi, kwa tanuri. Kuna kiti kisichoyumba. Asubuhi nitakutoa kwenye baraza uone hiyo mistari yangu, uicheke vizuri.

ANZORI: Nitaicheka. Mekundu, anasema. Mtu mzima. (mlio wa simu) Hiyo ndiyo inakata. Haya, kwaheri, kwaheri, msalimie Lamara—

MURMANI: Ukilala njiani, ukichelewa, wako nitaufunika kwa mkate.

ANZORI: Utapoa.

MURMANI: Utapoa, ndiyo.

ANZORI: Ukipoa, nitaula.