Mama Unga na Mahindi ya Chini ya Gunia

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko? Babu yenu nipo. Punguzeni kelele za masufuria kidogo, leo tunamkumbuka Mama Unga. Mama Unga wa mashine ya kusaga. Ametutoka. Figo.

Mnamjua nyie. Nyusi nyeupe kwa vumbi, sauti kama tarumbeta, maana kuongea kuishinda mashine ile si mchezo. Ukimpelekea mahindi yenye ukungu anakufokea: "We baba, haya kawapikie mashemeji unaowachukia!" Foleni nzima inacheka. Lakini hasagi. Pale mteja hakupewa unga mbovu, hata siku moja.

Sasa sikilizeni. Na yeye alikuwa anauza mahindi yake. Gunia la chini, lile linalogusa sakafu, linashika unyevu. Yale yenye ukungu wa kijani, yaliyogandana, anayachambua. Hayauzi. Hayatupi pia. Anayaosha, anayaanika, anayapika kwake. Binti yake aliyeolewa anasema, "Nikimwambia mama, tupa, ananijibu, 'Kutupa chakula ni laana, mwanangu. Moto unaua kila kitu.'"

Moto hauui, wapendwa. Sumu ya ukungu haifi kwa moto. Narudia, haifi kwa moto. Wala kuosha hakuitoi yote.

Miguu ikavimba. Uso ukavimba. Mumewe akamtania, "Mke wangu umenenepa, mashine inalipa!" Wakacheka wote wawili. Walipofika hospitali, figo zote mbili zimeshachoka. Binti akamuuliza daktari, ni yale mahindi? Daktari akasema, "Huenda. Sumu hiyo inashukiwa kudhuru figo. Ila kwa mama yako siwezi kuapa."

Huenda. Mtu kazikwa na huenda.

Juzi nimekwenda kutoa pole. Mumewe nimemkuta mlangoni, miguu kaiweka juu ya kigoda. Imevimba. Viatu haviingii. Nikamwambia, ndugu yangu, nenda hospitali. Akanijibu:

"Nikaambiwe nini, kaka? Tulikuwa tunakula sahani moja."

 

Kwako mzee mwenzangu, na wewe binti yetu, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Na nyie wengine, nikinyamaza hapa, kainueni gunia la chini mtazame. Mwenye pua anuse. Mama Unga alitufokea sisi wote, tukapona. Nyumbani kwake hapakuwa na wa kumfokea yeye.