Mwanvita Mwinjuma na Maradhi Tuliyoyaficha

Marehemu Mwanvita alizaliwa Kerege tarehe 9 Mei 1998, mtoto wa pili wa hayati Mwinjuma Ausi na Bi Ashatu. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha sekondari Bagamoyo mjini, akamaliza kidato cha nne mwaka 2015. Baadaye alijifunza cherehani, na sare nyingi za watoto wa hapa kijijini alizishona yeye.

Tarehe 14 Oktoba 2023 aliolewa na Shuaibu Majaliwa. Siku hiyo alishuka jukwaani na hina zake kwenda kumshonea shangazi gauni lililofumuka. "Siwezi kukaa natazama uzi unaning'inia," alisema, na bwana harusi akageuka mshika sindano.

Alipokuwa mjamzito, muuguzi wa kliniki aliuliza kama kwetu kuna aliyewahi kuugua akili baada ya kujifungua. Mama yetu, aliyemsindikiza, alijibu upesi: "Hakuna, mwanangu. Kwetu wote wazima." Alitaka kumsitiri bintiye. Kumbe mama mwenyewe aliugua hivyo aliponizaa mimi, Yunus, mwaka 1995. Wazee walisema ni shetani, akapona, yakafunikwa.

Mwanvita alijifungua tarehe 3 Agosti 2025. Siku ya nne akawa halali kabisa, na akasema mtoto si wake. Kwa kuwa mzazi hatoki hadi arobaini, tulifunga mlango, tukawaambia majirani anapumzika. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Tarehe 14 alituponyoka, akagongwa na lori barabara kuu.

Hospitalini ndipo mama aliposema kweli. "Maradhi haya hufuata damu, mama," daktari alimjibu. "Hayampati kila mmoja, na yana tiba. Tungejua, tungejiandaa." Mwanvita alifariki Ijumaa alfajiri, tarehe 15 Agosti.

Ni mama aliyetaka yaandikwe. "Soma yote, Yunus," aliniambia. "Nazika mmoja, sitaki wa pili."

Marehemu ameacha mama, mume, mimi kaka yake, na mdogo wetu Samia, mwenye mimba ya miezi saba, ambaye tangu jana haachi kuniuliza kama na yeye yatampata. Kesho kutwa tunakwenda naye kwa daktari. Ameacha pia binti, Zaina, wa siku kumi na tatu. Asikue bila kuambiwa.

Mola ampumzishe Mwanvita kwa rehema zake, na atukinge na ukimya wetu wenyewe.