Mbegu Zilizotemwa Karibu na Bomba

Nipandishieni mto, wanangu, na hiyo redio izimwe, maana nitakayosema leo sina pumzi ya kuyarudia. Wewe, mwanangu wa kwanza, umeshika kitasa tangu uingie. Miaka kumi na tisa hujakanyaga hapa na sikulaumu, lakini usiondoke kabla sijamaliza.

Nyumba ni yenu wote wawili, sawa kwa sawa, asiuze mmoja bila mwenzake. Bustani ya miche achukue dada yako, ndiye aliyechafua mikono humo. Hayo yamekwisha. Kinachonikaba ni mchenza huo nje ya dirisha.

Mchenza wa marehemu mama yenu ulipokatwa kupisha barabara, tulibaki na kikapu kimoja cha machenza yake. Nikatoa mbegu nizioteshe. Na mbegu ya mchenza haikaushwi; hupandwa ingali na utelezi wa tunda, ikikauka imekufa, na muuza miche kama mimi nalijua hilo kama jina langu. Zikakutwa juu ya bati, zimekauka kau. Nikakushika wewe, nikakuita mharibifu mbele ya wateja, nikakwambia umemuua mama yako mara ya pili. Ukaondoka na begi moja.

Niliyezianika ni mimi. Nilikuwa nimetoka kumzika mama yenu, akili si yangu, nikazitandaza juani kama mbegu za mchicha, kisha nikaona haya nikakusingizia. Usilie kwanza, binti yangu, niache niseme.

Na mti huu wanaonisifia wateja sikuupanda. Uliota hapo karibu na bomba, pale ulipokuwa ukikaa wewe, mwanangu, kula machenza ya kikapu kile na kutema mbegu ovyo, nami nikikugombeza kwa uchafu wako. Nikaumwagilia kimya kimya, miiba yake ikinichoma, na mwaka wa nane ukachanua. Harufu ikaingia chumbani humu nikadhani mama yenu amepita. Nililia. Na bado sikukutafuta, kwa kiburi tu.

Mti ni wako. Asiukate mtu, na anayeuliza aambiwe... aambiwe nani aliupanda. Nisamehe, mwanangu. Ukishindwa leo, usijilazimishe.

Mungu awaweke pamoja, awape... Nipeni maji. Binti yangu, mpe kaka yako nafasi apite. Achia kitasa, baba. Fungua dirisha. Machenza yakiiva, kaeni pale bombani, mle... na mbegu msizianike. Temeni tu.