Mama Waya, Msomaji wa Seva Zisizotembelewa

Mama yetu, ambaye kazini na mtandaoni mlimwita Mama Waya, alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1962, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi cherehani na mkunga. Chumba walicholala watoto kilikuwa nyuma ya meza ya cherehani ya baba yao, na hadi utu uzima alisema hawezi kupata usingizi mzuri pasipo kitu kinachonguruma karibu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1981 akajiunga na chuo cha ufundi kusomea mitambo ya hospitali. Darasani walikuwa wanawake wawili. Mwalimu wa karakana alimwambia, "Wewe shika tochi tu." Akashika tochi muhula mzima bila kulalamika. Muhula uliofuata, mashine ikifunguliwa, ni yeye aliyejua kila skrubu inarudi wapi.

Aliajiriwa hospitali tarehe 2 Januari 1985 na kuitumikia kwa miaka thelathini na saba. Ndipo alipokutana na mumewe, mwalimu wa hisabati, aliyekuwa amemleta mama yake kupigwa eksirei. Mashine ilikuwa imekufa. Fundi, ndiye marehemu, akatoka na mikono myeusi, akasema, "Mwalimu, rudini kesho."

"Nitarudi hata isipopona," mwalimu akajibu.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 22 Agosti 1987, wakajaliwa mabinti wawili.

Sehemu inayofuata wengi wenu hamkuijua. Mafundi wa hospitali mbalimbali walikuwa na ukurasa wao kwenye mtandao mkubwa wa kijamii, wakiulizana na kujibizana. Asubuhi moja ya Aprili 2017 wakaukuta umefungwa, bila maelezo, na majibu ya miaka saba yamekwenda nao. Marehemu hakugombana na mtu. Alichukua kompyuta kuukuu, akaiweka stoo kando ya meza ya kupigia pasi, akaifanya seva yao wenyewe, mahali pa kutunzia na kusomea maandishi yao. Walihamia watu arobaini na watatu.

Tatizo likawa ukimya. Seva ndogo ya aina hiyo huongea na nyingine nyingi duniani, lakini haioni kilichoandikwa huko mpaka mtu wa ndani amfuate mtu wa nje, yaani ajiandikishe kusoma maandiko yake, au ailetee anwani ya andiko lenyewe. Ukitafuta neno, unaletewa maneno yako mwenyewe. Wanachama walianza kunung'unika. "Mama Waya, huku kumepoa kama chumba cha mtihani," mmoja alimwandikia.

Basi akawa anakwenda kutafuta yeye. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kazi, aliingia seva za watu moja baada ya nyingine, akasoma walichoandika hadharani, akatazama nani anamfuata nani, akapita huko nako. Akikuta jambo la maana alinakili anwani yake, akaibandika kwenye kisanduku cha kutafutia cha seva yake, na andiko likaja nyumbani ili wenzake walione. Siku nyingine alirudi mikono mitupu. Ameacha madaftari manne yaliyojaa majina ya seva, mengi yamepigwa mstari kwa kuwa wenyewe walikwisha kuzizima.

Tarehe 9 Novemba 2021 aliingia seva yenye watu watatu. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameandika kwamba mashine yao ya oksijeni inalia, mtungi wa akiba unakwisha, na wana watoto wawili wanaoihitaji. Andiko lilikuwa na siku nzima. Hakuna aliyelijibu, kwa kuwa hakuna aliyeliona.

"Muuguzi, chujio la nyuma mlilisafisha lini?" aliandika.

"Sijui kama lipo."

"Lipo. Fungua kifuniko cha nyuma."

Lilikuwa limeziba kwa vumbi. Mashine ikarudi kufanya kazi, na mtoto mmoja akapona. Mwingine alikuwa amefariki jioni ya jana yake. Watu walimsifu marehemu kwa yule aliyepona. Yeye hakumtaja hata mara moja. Tangu siku hiyo alizunguka mara mbili, asubuhi na alasiri.

"Kula kwanza," mumewe alimwambia.

"Naja."

"Hiyo naja ni ya leo?"

Alistaafu 2022. Julai 2023 miguu ilianza kuvimba, na daktari akagundua moyo umepanuka. Aliambiwa apumzike, akaitikia, akahamishia kiti chenye mto stoo. Februari mwaka huu alilazwa, na binti yake mkubwa akashika mzunguko wa seva. Baada ya wiki tatu binti alikaa kando ya kitanda na kusema, "Mama, nimechoka. Nasoma seva hamsini, napata kitu kimoja."

"Mimi nilichoka mwaka wa pili," mama akajibu.

"Sasa mbona hukuacha?"

"Kila nikitaka kuacha, nawaza kuna mtu ameandika tangu jana."

Kisha akamshika mkono. "Lakini wewe acha, mwanangu. Usije ukaona nakudai."

Alifariki Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa tisa alasiri, mumewe na mabinti wakiwa chumbani.

Familia imeshauriana, na tunasema ukweli: hatuna wa kuendelea. Seva itazimwa tarehe 30 Juni. Wanachama wamejulishwa wachukue maandishi yao na kuhamia wanakotaka.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, dada wawili, kaka mmoja, na watu arobaini na watatu ambao wengi wao hatujawahi kuwaona sura. Mwenyezi Mungu amlaze mahali ambapo hakuna anayesubiri kujibiwa.